Barua kwa mwanangu: chakula kinachongoja na kisichongoja

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nakuna nazi nikakusikia nusu nusu, mara ya pili nikakaa chini kabisa. Umeniuliza hivi: unatoka Kimara, huko Dar es Salaam, saa kumi na moja na nusu alfajiri ili upate mabasi ya mwendokasi kabla hayajajaa, unarudi usiku umechoka, mchana kule Posta unakula kwa shilingi 5,000, je, upike nini Jumapili kikae mpaka Ijumaa? Ningeweza kukupigia nikakujibu palepale. Lakini jibu lenyewe ni refu na utataka kulirudia ukiwa jikoni, kwa hiyo nakuandikia.

Shilingi 5,000 kwa siku 22 za kazi ni 110,000 kwa mwezi. Hizo ni nyingi, lakini hazikunishtua sana. Kilichonishtua ni maneno uliyoyasema mwishoni haraka haraka, kwamba siku nyingine unaona bora upitishe na andazi na soda. Mwaka jana ulipima damu ikawa chini, nami nilikuwa nimekaa na wewe pale kwenye benchi. Sijasahau. Kwa hiyo ninapokujibu habari ya chakula cha mchana, ujue moyoni nafikiria damu yako.

Sasa swali lako nitaligeuza kidogo. Ukipika Jumapili masufuria matano, ukayajaza kwenye friji, Alhamisi utamwaga. Chakula kilichopikwa kinakaa vizuri kwenye friji siku tatu, mwisho nne, na chenye tui hakifiki huko. Usiulize upike nini kikae mpaka Ijumaa. Uliza kipi kinangoja na kipi hakingoji. Kuchemsha ni kazi ya Jumapili. Kuunga ni kazi ya dakika kumi usiku wa kuamkia siku ya kula. Ukiyatenga hayo mawili, wiki nzima inakwenda.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Baba yako alipokuwa bandarini, zamu ya asubuhi, nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku kumpikia. Nikachoka. Usiku mmoja nikapika wali wa nazi saa mbili, nikautia kwenye hotipoti ukiwa bado unatoa moshi, nikafunga vizuri, nikijua asubuhi nitaukuta una joto, anaondoka nao tu. Kweli asubuhi ulikuwa na joto kidogo. Mchana akarudishwa nyumbani anatapika, amekuwa mweupe machoni. Wewe ulikuwa na miaka miwili, ulikuwa unamvuta mkono acheze. Nesi wa pale kituoni ndiye aliyenieleza bila kunikemea. Kwenye wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha wali upya mpaka ufuke, haiondoki. Hotipoti yangu haikuutunza ule wali. Iliwapa wadudu kitanda cha joto usiku kucha.

Kwa hiyo wali ndio wa kwanza kuuheshimu. Upike mweupe, usitie nazi. Ukiiva tu, utandaze kwenye sinia upoe haraka, usiuache kwenye sufuria ukajipoza wenyewe. Ndani ya saa moja uwe umeshaugawa kwenye vyombo na kuuingiza kwenye friji. Wa Jumatatu unakaa chini, wa Alhamisi unapanda kwenye friza. Ukitaka kuupasha, unyunyizie kijiko kimoja cha maji, ufunike, utalainika kama umepikwa leo. Utakosa ladha ya nazi kwenye wali, najua, na mtu wa Tanga kula wali mweupe ni kama kunyang'anywa kitu. Nazi utaikuta kwenye maharage.

Maharage ndiyo nguzo yako. Jumamosi usiku loweka kilo moja, asubuhi mwaga yale maji, tia mapya. Kama ni mekundu, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo ndipo upunguze moto, maana yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha, na mkaa mdogo mdogo tangu mwanzo hauitoi. Nakuambia kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa unabandika jiko kisha unakwenda kusuka. Kama umeshanunua presha kuka, yakishalowana ni kama dakika 20 hadi 25. Yakiiva usiyaunge. Yaache na supu yake, yapoe, uyagawe kwenye vyombo vidogo, kila chombo mlo mmoja, mawili chini na mengine kwenye friza. Usijaze mpaka juu, yakiganda yanatanuka na kufyatua mfuniko. Kilo moja kavu ikiiva inakupa zaidi ya kilo mbili, na kwa mtu mmoja hiyo inapita wiki moja. Katika friza yanakaa hata miezi miwili.

Kisha usiku wa Jumapili, ukiwa umeoga, unatia kitunguu kwenye mafuta, karoti na nyanya mbili, unamimina chombo kimoja cha maharage, mwishoni tui. Tui linaingia usiku huo tu. Likipikwa likakaa siku tatu linachacha, hata kwenye friji, nawe utadhani ni maharage yaliyoharibika. Maharage yakipoa weka kwenye friji, asubuhi chukua. Hiyo ni Jumatatu.

Jumanne nataka ule kisichohitaji kupashwa, kwa sababu umesema ofisini kuna maikrowevu moja na watu thelathini. Mtu ana saa moja ya kula, nusu anasimama kwenye foleni! Chukua chapati na dagaa. Chapati pika 12 Jumamosi jioni, zipoe kabisa ndipo uzipange, kati ya chapati na chapati weka karatasi ya kuokea ili zisigandane, kisha friza. Usiku toa mbili, asubuhi zipitishe kwenye kikaango kikavu, nusu dakika kila upande. Dagaa chukua wakavu wa Kigoma, wasafi hawana mchanga kama wengine. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu, wakauke, kisha wakaange mpaka walie wakigusana. Vitunguu vingi, nyanya ikauke kabisa pasibaki maji, pilipili, na ndimu ukishaepua. Wakiwa wakavu hivyo wanakaa siku tatu kwenye friji. Na kula baridi. Dagaa waliopashwa kwenye maikrowevu ya ofisi wananuka ghorofa nzima, nisingependa mtu akusemee vibaya kwa chakula ambacho ni kizuri na kinaongeza damu.

Makande ni ya Jumatano, na hapa nakusihi usiyadharau kwa kuwa ulikula sana shuleni. Yale ya shuleni yalikuwa ni mahindi na maji. Haya unachukua nusu kilo ya mahindi yaliyokobolewa, robo ya maharage, vyote vimelala majini usiku, unavibandika pamoja Jumapili wakati unafua. Chemsha mpaka hindi lipasuke. Gawa bila kuunga, kama maharage. Siku yake ikifika unayaunga kwa kitunguu, hoho, na karanga za kusaga badala ya nazi ukipenda. Hakuna chakula kinachongoja kama makande. Siku ya pili yanakuwa matamu kuliko ya kwanza, sijui kama umewahi kuligundua hilo.

Kisamvu nacho ni cha kungoja, ndicho cha kwenda na wali wa Alhamisi. Nitakutumia kilichotwangwa tayari. Kichemshe wazi bila kufunika, muda mrefu, mpaka kile kijani kiwe kizito na harufu ya ubichi iishe, kwa sababu jani la muhogo bichi lina sumu na mvuke ndio unaoitoa. Kikishaiva gawa, gandisha. Mchicha hauwezi mambo haya. Mchicha ni wa dakika tano na uliwe, ukilala unakuwa mweusi na utelezi. Samaki wa kukaanga vilevile, nakushauri umle jioni ukiwa nyumbani, mchana wa kesho yake si yule tena. Kachumbari usiichanganye nyumbani, chumvi inaitoa maji. Beba nyanya nzima na tango, na kisu kidogo kiache kwenye droo yako.

Na kila siku, mwanangu, beba chungwa. Hili si tamu tamu ya kumalizia. Damu, yaani madini ya chuma, iliyomo kwenye maharage na majani mwili hauichukui kirahisi kama ya nyama, na chungwa au ndimu ndiyo inayosaidia kuichukua. Chai inafanya kinyume, inaizuia. Nakujua, ukimaliza kula mkono unakwenda kwenye chai kabla hujanawa. Kunywa saa nzima baadaye, au asubuhi ukifika.

Habari ya umeme. Ukikatika usiwe unafungua friji kila dakika kuangalia kama vitu vizima, ndiyo unavyoviharibu. Ikibaki imefungwa, sehemu ya chini inahimili kama saa nne. Friza iliyojaa inahimili zaidi kuliko tupu, kwa hiyo panapobaki nafasi jaza chupa za maji zigande, zinatunza baridi. Na fanya hivi: gandisha maji kwenye kikombe, ukishaona barafu ngumu weka sarafu juu yake, kiache humo humo. Ukirudi kutoka kazini ukakuta sarafu bado iko juu, hakuna kilichoyeyuka. Ukiikuta imezama chini, umeme ulikatika ukarudi wewe hupo, na makande yaliyoonekana yameganda yaliyeyuka kwanza. Mwaga. Najua inauma kumwaga chakula, nimekulea nikikuambia usimwage, lakini hapo mwaga bila kuniuliza.

Kubeba si kazi. Asubuhi toa kikiwa baridi kabisa, au kimeganda kama mawe, kizungushie taulo dogo, tia kwenye mfuko wako. Kutoka Kimara mpaka Posta hakitakuwa kimepata joto, na umesema pale kuna friji ya soda, kiingize humo ukifika. Mchana kipashe mpaka kifuke hasa, katikati yake koroga urudishe, maana maikrowevu inachoma pembeni ikaacha katikati baridi. Kikishapashwa ni cha kula, kinachobaki hakirudi nyumbani. Nunua vyombo vya kioo viwili vya kupashia, vingine vya plastiki vitoshe kwa friza. Kopo la aiskrimu usipashie chakula ndani yake, halikutengenezwa kwa moto.

Ijumaa usibebe kitu. Nimekaa nimefikiri sana juu ya siku hii. Mtu akijifungia na kikopo chake siku zote tano, wenzake wanaacha kumwita, na wewe mji ule uko peke yako. Nenda na wenzako kwa yule mama lishe uliyesema anakuwekea ndizi bila kumwomba, ule pilau yake, umlipe, umuulize watoto wake. Ile 5,000 ya Ijumaa siioni kama hasara. Naye umeshamzoea, ukipotea ghafla wiki nzima atadhani amekukosea. Mwambie tu kwamba mama yako amekupangia ratiba.

Usianze na vyote. Jumapili hii anza na maharage na chapati peke yake, uone mwili unasemaje. Jumapili ya pili ongeza makande. Nimeona watu wanaanza na vyombo kumi na tano, wiki ya tatu vyombo vyote vimekuwa vya kuwekea vifungo na sindano.

Jumamosi nitapakia mzigo kwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi, adhuhuri uwe stendi ya Magufuli, Mbezi, ni karibu na kwako. Ndani kuna machungwa ya Muheza, nazi sita, ndimu, na kisamvu kwenye ndoo ndogo ya bluu. Kisamvu kimetwangwa kibichi na safari ina joto, usikiweke mpaka kesho yake, kikifika tu kibandike jikoni ndipo upumzike. Machungwa usiyaoshe mpaka siku ya kula. Ndoo nirudishie, ni ya dada yako.

Ukishakula Jumatatu, nipigie uniambie kama maharage yalikubali.

Mama yako