Kabla ya Kugawa Mifuko ya Taka, Waulizeni Wachunga Mbuzi

Nilipokuwa nasoma Cairo, likizo zangu nilizitumia Dahab, mji wa pwani ya Ghuba ya Aqaba huko Sinai, Misri, nikijitolea kufanya usafi na vijana wa Kibedui, yaani Waarabu wafugaji wa jangwani, wa kabila la Muzeina. Tangu nirudi, kila mwenye kikundi cha vijana anayetaka kufanya usafi kama huo na Mabedui huniuliza aanzie wapi.

Anzia kwa mnyama. Habari za joto la dunia zitapata wakati wake. Kwa Mabedui mbuzi ni maziwa, ni akiba, ni kitoweo cha mgeni wa heshima, na mbuzi wa Dahab huzurura mitaani wakitafuna hata maboksi. Plastiki ikishamezwa haisagiki. Hujisokota tumboni na nyingine mpaka ikawa bonge gumu, na mnyama hujiona ameshiba huku anakonda. Katika Falme za Kiarabu, wataalamu wa mifugo waliochunguza mabaki ya ngamia 30,000 tangu mwaka 2008 walikuta mabonge hayo kwa ngamia 300. Mweleze hayo kijana aliyelelewa na mifugo, naye atakutajia mbuzi wa shangazi yake aliyekufa na tumbo limejaa.

Wachungaji wenyewe, kwa desturi ya Sinai, ni wanawake na wasichana. Wao ndio wanaojua plastiki inanasa kwenye migunga ipi na upepo unaikusanya kona gani. Basi wao ndio wapange njia. Kama wazee wanataka wasichana watoke na mama zao, kundi lao peke yao, kubalini bila ubishi. Kazi itafanyika vizuri tu.

Hapa nasisitiza kuliko pengine pote: msiokote hata chupa moja kabla hamjajua taka zinakwenda wapi. Dahab imekaa kwenye mdomo wa bonde kavu. Mvua ikinyesha milimani, hata kama mjini ni jua kali, mafuriko hushuka kwa kasi na kuzoa kila kilichoachwa njiani hadi kwenye matumbawe. Mifuko mliyoijaza na kuiacha kando ya bonde itaishia baharini. Kuichoma ndiyo kuwavutisha watoto moshi wa sumu. Zungumzeni kwanza na ofisi ya mji, tafuteni pikapu, mjue nani analipia mafuta. Na kama nguvu zenu ni chache, acheni ufuko, mpande juu bondeni. Ufukweni kuna picha nzuri, lakini taka nyingi hutoka juu.

Shekhe wa kabila aombwe ruhusa, kisha apewe nafasi ya kufundisha. Waarabu wana desturi kongwe ya hima, yaani kufunga malisho kwa muda ili ardhi ipumzike. Mzee akiisimulia, vijana husikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi mgeni. Fedha za kulipa watoto kwa kila mfuko sizikubali kabisa: siku fedha hizo zikikatika, na kazi imekufa.

Wakati wa kiangazi tokeni baada ya swala ya Alasiri, mbebe maji ya kutosha, na kila mtoto avae glavu nene, kwa sababu nge hujificha chini ya makopo.