Mchapuko una kikomo kama ilivyo kasi ya mwanga?

SWALI: Mwalimu, kuna video jamaa anasema mchapuko una kikomo kwa sababu hakuna kinachoipita kasi ya mwanga, na eti kwanta imeshaonyesha jiometri ya Einstein ni feki. Ni kweli?

JIBU: Hilo la "kwa sababu ya mwanga" nakutana nalo kila wiki na linanichosha kwelikweli. Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kwa muda, na kasi ya mwanga haiuwekei kikomo chochote. Panda roketi, injini ikusukume kwa nguvu ileile mwaka mzima, aliyebaki chini ataona kasi yako inaongezeka kiduchu tu kadiri unavyoikaribia kasi ya mwanga, ila wewe mgongo wako bado unabanwa kwenye siti vilevile kama siku ya kwanza, na injini ikiwa kubwa zaidi utabanwa zaidi, Einstein hakuweka mwisho hapo. Watu wanachanganya anachokiona wa nje na anachokisikia aliye ndani.

Kikomo chenyewe, kama kipo, ni wazo la mwanafizikia Mtaliano Eduardo Caianiello, 1981, na linatoka kwenye kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama elektroni: 2mc³/ħ, m ni masi ya chembe, c ni kasi ya mwanga, ħ ni namba ya kudumu ya kwanta. Weka masi ya elektroni, unapata kama 4.7 × 10^29 m/s². Ukilikubali, mraba wa vipimo vya nafasi na wakati unazidishwa kwa 1 − a²/A², a ni mchapuko wako, A ni kikomo. a ikiwa ndogo unabaki na jiometri ya Einstein ileile, sasa ufeki uko wapi?

Na ona hiyo a²/A² ilivyo ndogo. CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, miaka ya 70 walizungusha muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) kwenye ringi ya nusu kipenyo mita 7, mchapuko wanaousikia wenyewe karibu 10^19 m/s². Uhai wao ulirefuka toka maikrosekunde 2.2 hadi kama 64, vilevile hesabu ya Einstein ya kasi peke yake inavyotaka. Kikomo cha muoni ni karibu 10^32, kwa hiyo a²/A² inaangukia kwenye 10^-26. Hakuna saa ya kupima hiyo. Wazo halijathibitishwa, basi.

Ila wajanja hawangoji. Mama mmoja kaniletea kidani kauziwa, eti "kinarekebisha kwanta" mwilini, tukakifungua pale mezani: sumaku ndogo na gundi. Akikujia mtu na maneno haya mwambie akuandikie A ya elektroni, na vizio vyake, kabla hujatoa hata shilingi.