Muulize Mama Udongo: Mkandarasi Anataka Changarawe Yangu

SWALI: Shikamoo Mama Udongo. Nina ekari 12 za malisho chini ya mlima huku Kwimba. Zamani zilikuwa nyasi tupu, sasa ukisimama unaona changarawe kuliko nyasi. Shemeji yangu ni dereva wa lori, hufika mpaka Moyale. Alinitumia picha za njia ya Marsabit, mawe meusi mpaka macho yanapoishia, akaniambia, "Malisho yako yameshafika huku, hilo ni jangwa." Sasa kuna mkandarasi wa barabara anataka kuikwangua changarawe yote ya juu kwa bei nzuri. Anasema akimaliza nitabaki na udongo safi. Je, udongo wangu ni wa jangwa? Niuze?
*Mfugaji, Kwimba*

JIBU: Marahaba baba. Usiuze. Nimeanza na hilo kwa sababu mkandarasi hasubiri gazeti litoke.

Tuje kwa shemeji. Kwa maelezo yake, nadhani alipiga picha Dida Galgalu, ule uwanda ulio kati ya Marsabit na Turbi. Mawe ya kule ni ya volkano. Yako ni ya graniti, ukoo mmoja na haya yaliyobebana ziwani pale kwenye Mwamba wa Bismarck, Mwanza mjini. Na jangwa halitambuliwi kwa mawe, linatambuliwa kwa mvua. Hesabu inayotumika sana ni chini ya milimita 250 kwa mwaka. Sisi wa Mwanza mjini tunapata karibu 1,000, na Kwimba, hata ikipungukiwa, haishuki kufika 250.

Udongo wa changarawe wa malisho ya jangwani una tabia zake, na ukizijua hutautafuta kwako. Marekani, katika jimbo la Arizona, karibu na mji wa Tombstone, kuna bonde liitwalo Walnut Gulch ambalo serikali yao imekuwa ikilipima mvua na mmomonyoko tangu miaka ya 1950. Mvua yake ni kidogo zaidi ya milimita 300, yaani ni ukingoni mwa jangwa. Maji kiasi hicho hayatoshi kuosha chokaa ikaenda zake chini kabisa. Inaishia njiani. Basi ukichimba nchi za namna ile unakuta kokoto zimevaa ganda jeupe upande wa tumboni, na mahali pengine chokaa imeshikamana ikawa sakafu ngumu kama zege, mzizi haupiti. Mboji mara nyingi haifiki asilimia 1, na uchachu hakuna: kipimo cha pH kinacheza kwenye 8.

Kwako ni kinyume chake. Graniti ni maskini wa chokaa tangu kuzaliwa kwake, na hiyo kidogo iliyopo mvua yetu inaiosha. Chukua siki ya dukani, dondoshea udongo wa pale juu. Sitegemei uone povu. Kisha shuka mpaka kwenye mbuga, okota vile vijiwe vyeupe vinavyokaa ndani ya udongo mweusi, uvidondoshee. Hivyo vitachemka mbele ya macho yako. Mlima, luseni (kichanga cha mteremkoni), itogolo (udongo mgumu wa chini ya mteremko), mbuga (udongo mweusi wa bondeni): udongo unabadilika kwa kadiri unavyoteremka, na wazee wa Kisukuma walikuwa na majina hayo kabla Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha Amani kule Usambara, hajauita mpangilio wa namna hiyo katena, yaani mnyororo, katika miaka ya 1930. Mtu akikuambia shamba lako lote ni udongo wa aina moja, muulize amesimama wapi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Changarawe iliyo ndani ya udongo na changarawe iliyolala juu ni mambo mawili.

Ya ndani ndiyo inayokunyima. Jiwe halinywi maji. Mita 1 ya udongo tifutifu inaweza kuwekea mizizi kama milimita 150 za maji. Nusu yake ikiwa changarawe, zimebaki 75, ndiyo maana nyasi zako za mlimani zinageuka manjano mapema wakati za mbugani bado mbichi. Ajabu ni kwamba jangwani hesabu hii inapinduka. Kule mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye mfinyanzi inalowesha ngozi tu, kesho yake jua limeichukua. Ikinyesha kwenye changarawe inazama chini, mahali jua halifiki, na kichaka kinainywa taratibu. Watafiti waliopima nyasi za nyanda za kati za Marekani, mwaka 1988, waliona mpaka uko karibu na milimita 370 za mvua kwa mwaka: chini ya hapo ardhi ya kichanga inazaa nyasi zaidi, juu ya hapo inayoshika maji ndiyo inayoshinda. Wewe uko juu ya mpaka huo. Kwa hiyo mbuzi wanene wa Marsabit wasikutamanishe udongo wao.

Ya juu ni habari nyingine. Hiyo ni bati la nyumba yako. Tone la mvua likipiga jiwe linavunjika. Likipiga udongo mtupu linaurusha, vumbi laini linaziba vitundu, maji yanakosa pa kuingia yanaanza kukimbia. Najua kwa sababu nimelipia. Nilipostaafu nilikuwa na kiwanja cha ekari 2 Usagara, mteremko mdogo tu. Nikawaita vijana wakaokota kila jiwe, na akina mama wanaogonga kokoto barabarani wakalinunua rundo lote. Nikajiona mjanja. Masika ya kwanza maji yalichora mistari kama ya kuchana nywele. Masika ya pili nilikuwa na korongo ninaloweza kuingia mpaka magotini. Mimi, niliyechimba mashimo ya kupima udongo zaidi ya miaka 30! Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo kabla ya lolote, inua mawe kumi mahali tofauti. Yakiinuka kirahisi na chini yake pana unyevu na wadudu, yamelala juu ya udongo na yanasaidia maji kuingia. Yakiwa yamezama, yameshikwa na ukoko mgumu kama kigae kwenye saruji, hapo hata mawe yanageuka kuwa lami: maji yanateleza juu yake. Sehemu hizo ndizo zilizokanyagwa sana na ng'ombe. Kisha chimba shimo la urefu wa mkono wako mzima, jaza ndoo moja ya udongo, uchekeche. Kinachobaki juu na kimezidi milimita 2 ni changarawe. Ikifika nusu ndoo, mlima huo ni wa malisho, usije ukashawishika kulima pamba.

Na hizo nyasi zilizopotea? Changarawe haikuja kuzifukuza. Nyasi ziliondoka kwanza, udongo laini ukafuata maji, mawe yakabaki kwa kuwa hayana mbio. Rudisha ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma. Funga ekari 4 za juu mvua zinapoanza, fungua katikati ya kiangazi nyasi zikishamwaga mbegu. Penye ukoko, kwangua kidogo kwa jembe kukingama mteremko na utandaze matawi ya miiba, mbegu zipate pa kujificha. Shinyanga walifufua maeneo mengi kwa njia hii kuanzia 1986, na wengine walikuwa wamebakiwa na vipara vibaya kuliko chako. Ukisharudishia nyasi, mwalike shemeji apige picha nyingine.

SWALI: Mama, nimepanga Ilemela, nyumba iko juu mlimani kati ya mawe. Nimelima mchicha nyuma ya jiko lakini udongo ni kokoto tupu. Namwagia ndoo mbili asubuhi, saa sita umelala. Nifanye nini?
*Dada wa Ilemela*

JIBU: Ndoo ya pili inakwenda kwa jirani wa bondeni, mwanangu. Udongo huo hauna chombo cha kuiweka. Mwagia moja asubuhi na moja jioni, changanya samadi iliyooza vizuri, na tandaza nyasi kavu juu. Ukichoka, jaza viroba udongo wa kununua.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Magu. Wanafunzi wangu wanasema mawe yanaota, kwa sababu kila mwaka tukiyaokota kwenye bustani mwaka unaofuata yapo tena. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Magu*

JIBU: Waambie wameona sawasawa, ila sababu si hiyo. Mvua inabeba laini na kuacha zito, na jembe linafukua mengine. Halafu kuna la tatu, hasa kwenye udongo wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka: punje ndogo zinadondokea kwenye nyufa, zinajaza chini ya jiwe, jiwe halina njia ya kurudi. Jangwani kazi hiyo inafanywa na vumbi la upepo linalopenya kati ya kokoto na kuziinua polepole, mpaka juu panakuwa kama pamesakafiwa. Sakafu hiyo haijirekebishi haraka. Kwenye jangwa la Mojave, Marekani, alama za vifaru vya jeshi vilivyofanyia mazoezi pale mwaka 1942 bado zinaonekana.

Kuwaonyesha darasani, tafuta chupa pana ya plastiki. Weka maharage chini, mimina mchele juu mpaka nusu chupa, funga, mpe mtoto mmoja aitikise juu na chini huku wenzake wakihesabu. Wawekeane dau kwanza ni hesabu ya ngapi harage la kwanza litatokeza juu.