Kwa mnaoanza kuinadi gemu ya kuchangiwa

Ukipewa kazi ya kuinadi gemu inayotengenezwa kwa michango ya watu mtandaoni, elewa mapema kwamba bado hakuna bidhaa mkononi. Mtu anatoa dola 20 leo kwa gemu atakayoicheza mwakani, pengine baada ya miaka mitatu. Hakujui, na Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, haimhakikishii kwamba gemu itakamilika. Basi kazi yako, tangu kabla ya kampeni mpaka gemu itoke, ni kumwonyesha kwamba kazi inafanyika.

Anza na kitu kinachochezeka. Toby Fox alipofungua kampeni ya gemu yake Undertale mwaka 2013 aliomba dola 5,000 tu, na demo ya bure, yaani kipande cha gemu cha kujaribu, ilikuwa tayari. Mtu aliipakua, akacheza sehemu ya mwanzo, akajua mwenyewe kama ucheshi wake na mapigano yake yanamfaa. Zikapatikana zaidi ya dola 51,000. Trela unaweza kuipamba. Demo haifichi kitu. Mashabiki wa kwanza utawapata hapo, na hao ndio watakaochangia siku ya kwanza. Siku hiyo ina uzito, kwa sababu lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa pesa na ninyi hamwambulii chochote. Watu wakiona kampeni imesimama, husita.

Walioko Tanzania, Kenya au Uganda wajue kwamba Kickstarter haisajili wenye miradi wanaoishi nchi hizi, kwa hiyo mtahitaji mshirika wa kuaminika aliye katika nchi inayokubalika. Hiyo isiwe sababu ya kuficha mlikotoka. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, walichangisha mwaka 2015 kwa ajili ya Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Waliomba euro 40,000, wakavuka lengo, na gemu ikatoka Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Aprili 2016. Ndani ya gemu hiyo, Enzo na mkewe Erine, watawala wa ufalme wa Zama, wanapigana kwa nguvu waliyorithi kwa mababu, na kampeni ililisema hilo waziwazi. Wapenda gemu walikuwa wameshaona falme nyingi za Ulaya na Japani. Ufalme huu ulikuwa mpya kwao.

Jambo ninalowasihi zaidi ni ahadi. Kampeni ikivuka lengo, shangwe huwa kubwa na mashabiki huuliza mtaongeza nini. Yacht Club Games walipochangisha kwa ajili ya Shovel Knight mwaka 2013 waliomba dola 75,000 wakapata zaidi ya 311,000. Katika malengo ya ziada, yaani nyongeza zinazoahidiwa michango ikizidi lengo, waliahidi kwamba maadui wakuu watatu wangeweza kuchezwa, kila mmoja na hadithi yake ndani ya gemu. Gemu ilitoka Juni 2014. Ahadi hizo zilikamilika Desemba 2019. Walizitimiza kwa ubora mkubwa, na waliokwisha kununua hawakulipa zaidi, ndiyo maana nawaheshimu mno. Lakini tazama gharama yake: miaka mitano na zaidi ya kazi kwa maneno machache yaliyoandikwa wakati wa kampeni. Na hata kabla gemu ya kwanza haijatoka, pesa ziliwaishia wakafanya kazi kwa miezi bila mshahara. Kwa hiyo usitangaze lengo la ziada kabla programa na mchoraji hawajakuandikia litachukua wiki ngapi. Wakisema hawajui, jibu ni hapana, na shabiki aambiwe hapana kwa heshima.

Habari mbaya itakuja. Studio ya Double Fine, mwaka 2012, kwa gemu iliyokuja kuitwa Broken Age, waliomba dola 400,000 wakapewa zaidi ya milioni 3.3 na watu zaidi ya 87,000. Julai 2013 Tim Schafer, kiongozi wa studio hiyo, ikabidi awaandikie kwamba gemu waliyoibuni imezidi pesa zilizopo, hivyo itatoka vipande viwili. Lawama zilivuma, lakini wachangiaji walikuwa wakitazama filamu ya utengenezaji tangu mwanzo, wakiona mivutano ya bajeti na michoro iliyotupwa. Mtu aliyeona hayo anapokea habari ya kuchelewa tofauti na yule aliyenyamaziwa miezi sita. Kipande cha kwanza cha Broken Age kilitoka Januari 2014, cha pili Aprili 2015.

Andika taarifa kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kubwa. Weka mchoro wa mhusika kabla na baada ya kurekebishwa, au eleza kwa nini hatua fulani ya gemu ilifutwa. Kwenye Discord, jukwaa la mazungumzo ya mashabiki, usifute swali gumu. Jibu lile unalolijua, kisha mwite anayejua lililobaki. Shabiki akichora mhusika wenu, mwonyeshe mchoraji wa timu na umletee shabiki maneno ya mchoraji. Hilo nimeliona likimfanya mtu abaki na gemu kwa miaka.

Zawadi za wachangiaji kama fulana na mabango zipunguzeni sana, maana posta ya kimataifa inaweza kumeza mchango wote. Muziki wa gemu na kitabu cha michoro cha kidijitali havisafirishwi.

Gemu ikikaribia kutoka, hakiki barua pepe za wachangiaji wiki kadhaa kabla, kwani wengi watakuwa wamebadilisha anwani. Funguo zao za Steam, yaani namba za kuifungulia gemu, zitoke kabla gemu haijaanza kuuzwa kwa wengine.