Kemia bila maabara

Mwalimu mwenzangu wa Arua, Uganda, unauliza utajifunzia wapi kufundisha kemia S.2 (kidato cha pili) bila maabara. Anzia SESEMAT, mafunzo ya walimu wa sayansi na hisabati yaliyoanza 2005 kwa msaada wa Japani; mwulize mkuu wako wa shule kuhusu semina za kanda yenu. PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado, nayo ni bure: pakua majaribio ukiwa mjini, shuleni yanafunguka bila bando. Ila mimi, kwa asidi na besi, nachemsha maua makavu ya rozela tu. Ukidondoshea ndimu, maji yanaiva wekundu; ukitia maji ya majivu, yanageuka kijani. Darasa zima husimama juu ya madawati! Majivu uyachuje vizuri lakini, yangu ya kwanza yalitoka tope.