Ziwani Hakuna Maji ya Kujaa Yatakayokunyanyua

Nahodha aliyezoea Tanga au Mombasa akifika Kasenyi, mwalo (bandari ya wavuvi) wa Ziwa Viktoria nchini Uganda, huja na desturi ya kumponza: akikwama, husubiri. Pwani chombo kikipwelewa, yaani kikikwama maji yakipungua, maji ya kujaa yatakiinua baada ya saa sita hivi. Ziwa Viktoria halijai wala kupwa kiasi cha kukufaa. Ukipanda fungu la mchanga saa nne asubuhi, saa kumi ungali hapo, tena upepo wa mchana utokao ziwani umekusukuma ndani zaidi.

Kazi, basi, ni kabla. Pakia boti mzigo wa kawaida, upime kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini ya mashine ya nyuma, siyo mkuku (uti wa chini wa boti), maana mashine ndiyo hutangulia kugusa. Tuseme ni sentimita 80. Ongeza 50 za mawimbi: wimbi la mita moja likikupitisha bondeni linakushusha nusu mita. Paka upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, rangi nyekundu kwenye mita 1.3 kutoka ncha ya chini. Ukichoma chini na nyekundu ikabaki juu ya maji, geuza.

Kwenye kina kirefu tia bildi: uzito wa kilo mbili, kamba yenye fundo kila mita, na sabuni ya mche iliyolainishwa chini yake. Sabuni huja na habari: mchanga, tope, au imekwaruzwa tu, yaani mwamba. Visiwa vya Ssese vina miamba ya kutosha, na jioni ukielekea magharibi jua linakufichia yote.

Kumbukumbu nazo zina udanganyifu. Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, maji yakaingia majumbani mialoni. Yakishuka, mwamba uliokuwa ukiupita juu unakungoja.

Umegusa? Zima mashine. Kurudi nyuma kwa gia na mafuta mengi ndiko kunakoharibu: rafadha (pangaboi) inarundika mchanga chini ya mkuku, pampu inanyonya tope, uzi wa maji ya kupoza unaotoka ubavuni mwa mashine unakatika, mashine inaungua. Kila mtu avae jaketi, kisha angalia ngama, sakafu ya chini maji yanapokusanyika. Maji yakiingia, usiharakishe kutoka. Huenda jiwe lenyewe ndilo lililoziba tundu. Ziba kwanza. Kama ni kavu, inua mashine, sogeza watu na mizigo tezi, yaani nyuma, mtumbwi upeleke nanga nyuma kwenye kina, mvute kamba pole pole.

Mkishaelea, funua ngama tena baada ya nusu saa. Pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, haichomoki siku zote palepale.