Chagua Kocha Kabla ya Kuchagua Chuo

Vijana wetu wanaosoma Marekani huniuliza mara kwa mara namna ya kuingia katika ukocha wa futiboli ya vyuo, ile inayochezwa kwa mpira wenye ncha mbili, na karibu wote huanza kwa kutaja majina ya vyuo vikubwa. Mimi huwauliza watafanya kazi chini ya nani, na kama mtu huyo huwafundisha wasaidizi wake au huwatumia tu.

Ngazi yenyewe inajulikana. Unaanza kama msaidizi anayesomea shahada ya uzamili, ambaye kwa kawaida hulipiwa ada na kupewa posho ndogo. Ukifanikiwa unakabidhiwa kundi moja la wachezaji, tuseme walinzi wa nyuma. Kisha unakuwa mratibu wa ulinzi au wa mashambulizi, na wachache hufikia ukocha mkuu. Nick Saban, mmoja wa makocha mashuhuri zaidi wa futiboli ya vyuo, alianzia chuo cha Kent State mwaka 1973, chini ya kocha mkuu Don James, na hakupata timu yake mwenyewe hadi 1990, katika chuo cha Toledo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kirby Smart. Mwaka 2001 alikuwa mratibu wa ulinzi wa Valdosta State, chuo kidogo cha jimbo la Georgia, lakini akakiacha cheo hicho na kwenda chuo kikubwa cha Florida State kuwa msaidizi mwanafunzi, hatua ambayo wengi wetu tungeiona ni kujishusha. Mwaka 2004 alikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU) chini ya Saban, akaja kuwa mratibu wake wa ulinzi katika Chuo Kikuu cha Alabama kuanzia 2008 hadi 2015, kisha akakabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Georgia aliyoichezea ujanani na kuipa ubingwa wa taifa wa misimu ya 2021 na 2022. Cheo alichokiacha hakuna anayekiulizia leo.

Katika usaidizi wangu, kazi iliyonijenga ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote: kutazama video za mpinzani wa wiki hiyo na kuchora mbinu zake kwenye kadi kubwa, ili wachezaji wa akiba waziige mazoezini. Mshale mmoja ukielekea pasipo pake, mlinzi anajizoeza kukimbilia upande ambao Jumamosi, siku ya mechi, hautakuwa na mtu. Kocha wangu alizipitia kadi hizo na kuniuliza kwa nini mpinzani alimsogeza mchezaji fulani hatua moja pembeni, wala hakukubali jibu la kubahatisha.

Mwenye viza ya mwanafunzi akumbuke kwamba wakati wa muhula sheria humruhusu kufanya kazi chuoni kwa saa 20 tu kwa wiki, ilhali kazi hii hula hata usiku. Kwa hiyo apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajamwahidi kocha lolote.

Jambo jingine ni kuhama. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake kwa kawaida huondoka naye, na hayo hutokea mwishoni mwa msimu, karibu na Desemba, wakati ambao tangu 2017 wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakitia saini kujiunga na vyuo. Panga nyumba, usinunue. Walimu wa michezo wa sekondari katika eneo ulilopewa kusaka wachezaji wapigie simu hata pale ambapo huna unachokihitaji kwao, kwa sababu chuo kitakachokuajiri baadaye kitataka kujua ni shule zipi zitakufungulia mlango.